Kopo Liko Nje ya Uzio: Kusaka Historia kwenye Makaburi ya Vita Dodoma

[Mlio wa ilimba unafifia]

REHEMA: Mbukwenyi! Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Yohana, na viatu vyetu bado vina vumbi la Jumamosi.

YOHANA: Mbukwa, dada. Lile vumbi haliondoki kwa kufuta mara moja.

REHEMA: Tulikuwa kwenye jiokashi. Mtu anaficha kopo, anatangaza latitudo na longitudo yake, wewe unalisaka kwa simu. Ukilipata, unaandika jina kwenye daftari lililomo, unalirudisha palepale.

YOHANA: Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS za raia, yaani za setilaiti zinazokuonyesha ulipo. Kabla ya hapo kifaa kiliweza kukupoteza hata mita 100. Kesho yake tu, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon, si mbali na Portland. Ndani yake mlikuwa na daftari, penseli, na hata kopo la maharage!

REHEMA: Sisi tukachagua makaburi ya vita ya hapa Dodoma. Shangazi yangu aliposikia alikuja juu, kwa hiyo niseme mapema: ndani hatukuficha kitu. Makaburini hapafukuliwi. Wasakaji wengi hufanya hivi: unasoma tarehe zilizoandikwa kaburini, tarakimu zake unazijaza kwenye fumbo, zinakupeleka kopo lilipo, nje ya uzio. Usiposoma, hupati.

YOHANA: Na ukisoma unakutana na 1916, 1917, tena 1916. Nimepita pale tangu niko shule ya msingi nikidhani ni makaburi ya wamisionari.

REHEMA: Hebu waeleze wasikilizaji.

YOHANA: Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza dhidi ya Wajerumani waliotutawala. Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza, aliiteka Kondoa Aprili 1916, masika yakamkwamisha huko. Mvua zilipokatika, jeshi likateremka kilomita 160 hivi, na mwishoni mwa Julai likaingia Dodoma. Lilichofuata huko ni Reli ya Kati, inayopita Dodoma. Wajerumani walikuwa wameifikisha Kigoma mwaka 1914, na anayeishika reli anashika chakula na risasi. Lakini angalia gharama yake. Farasi waliteketea kwa ndorobo na maradhi mengine. Watu nao, malaria na kuhara damu. Katika vita vya Afrika Mashariki ugonjwa uliua wengi kuliko bunduki.

REHEMA: Pale kwenye farasi ndipo nilipokwama. Farasi wamekufa, mzigo unabebwa na nani?

YOHANA: Na mtu. Kichwani.

REHEMA: Kwa mguu, kilo 25 hivi, njaa tumboni. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndicho kilichotuachia jina Kariakoo. Tunakwenda Kariakoo kununua vitenge, kumbe ulimi unawataja wapagazi kila siku! Sasa majina yao yako wapi?

YOHANA: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na tume hiyo ilianzishwa mwaka 1917 kwa ahadi ya kuwatendea wafu wote sawa.

REHEMA: Iliniuma. Bado inaniuma.

YOHANA: Halafu kuna Mtunya. Kwetu Wagogo hilo neno mzee halitamki akicheka. Ni njaa ya 1917 hadi 1920, na maana yake ni kinyang'anyiro. Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza, walikomba nafaka, ng'ombe na vijana wenye nguvu. Mvua nazo zikagoma. Bibi alituambia baba yake mkubwa alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Nyumbani wakasubiri, Mtunya ukawakuta wakisubiri.

REHEMA: Kaburi lake?

YOHANA: Hakuna. Jina lake bibi alikuwa analitaja kila tunapoanza kulima, basi. Pale makaburini niliona tarehe ya askari aliyekufa mwaka uleule, nikajikuta namhesabia na yeye.

REHEMA: Ndiyo maana tulibadilisha daftari. Wasikilizaji, mkilipata kopo letu, saini yako weka, lakini chini yake andika jina la mtu wa ukoo wako aliyekwenda na mzigo au aliyeondoka na njaa ile. Kama nyumbani hawalikumbuki, andika kijiji.

YOHANA: La kwanza nimeshaandika mimi. Kwa kalamu ya risasi, maana wino unaogopa maji.

REHEMA: Wiki ijayo Kongwa, walikopiga kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO kuanzia miaka ya sitini. Bebeni maji ya kunywa.

[Ilimba]