Baridi ya Usiku Mlimani Wakati wa Kiangazi

Karibuni, ndugu zangu. Tuanze na hesabu, kwa sababu jua la mchana mlimani hudanganya watu. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Chini kukiwa na nyuzi 20 usiku, kambi iliyo mita 3,000 juu zaidi itakuwa karibu na sifuri. Na hapo bado. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Ndiyo maana kando ya kijito, pale panapopendeza kupiga hema, ndipo penye baridi na umande. Panda kidogo kwenye mteremko uone tofauti. Mimi hutoa nyuzi 5 nyingine za tahadhari.

Sasa mfuko wa kulalia. Lebo inayofuata ISO 23537, kipimo cha kimataifa cha mifuko ya kulalia, ina namba tatu za joto. Ya starehe ndiyo ya kupangia safari. Ya kikomo ni ya mtu aliyejikunja, anayehimili tu. Ya mwisho ni ya kunusurika, na hiyo usiinunulie mfuko hata kama imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote. Tena namba hizi hupimwa mlalaji akiwa na nguo ndefu za ndani, juu ya godoro zuri.

Godoro, basi. Manyoya ya mfuko yaliyo chini ya mgongo wako yameshindiliwa na uzito wa mwili, hayana hewa tena, kwa hiyo hayazuii kitu. Anayejirundikia nguo juu na bado anatetemeka, mara nyingi baridi yake inatoka ardhini. Angalia thamani ya R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipotee: mkeka wa povu huwa na karibu 2, na ardhi inayokaribia kuganda inataka 4 au zaidi. Thamani hizi hujumlishwa. Mkeka wa 2 chini ya godoro la kupuliza la 3 unakupa 5, na godoro likitoboka usiku wa manane hulali chini kabisa.

Adui wa pili ni unyevu. Vua nguo zote zilizolowa jasho, soksi zikiwa za kwanza. Usiingize pua na mdomo ndani ya mfuko. Pumzi hulowanisha manyoya, yakasinyaa. Kaza kofia ya mfuko, uache tundu la kupumulia. Matundu ya hema nayo yaache wazi, hata kama moyo unakataa, la sivyo mvuke utageuka matone kwenye turubai na kukudondokea alfajiri.

Kabla ya kulala, kula chenye mafuta, nenda haja, kisha jaza maji ya moto kwenye chupa inayohimili joto. Ipindue kwanza uhakikishe haivuji, ivishe soksi, iweke katikati ya mapaja.

Kichujio cha maji kinachochuja kwa vijinyuzi vya ndani lala nacho. Kikiganda, vijinyuzi hupasuka ndani bila kuonekana kwa nje, na utaendelea kunywa ukidhani maji ni salama. Betri nazo ziingie kwenye mfuko wa kulalia. Mtungi wa gesi chagua wenye mchanganyiko wa propeni, kwa kuwa buteni tupu haigeuki mvuke chini ya nyuzi -0.5, na jiko halitawaka asubuhi.