Njia Ndefu ya Mwongo

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi nyote mliokubali kuketi na kumsikiliza mtu akisifu vitabu vya majoka na roketi: ahsanteni.

Nimeombwa nieleze kwa nini mwandishi wa hadithi za watu wa kawaida, hadithi za ndoa, mirathi na majirani wasioelewana, anautumia muda wake wa kusoma kwenye riwaya za kisayansi na fantasia. Swali hilo nimelizoea. Mara nyingi huulizwa kwa sauti ya upole, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Jibu langu ni kwamba sijaona shule nyingine inayomfundisha mtunzi kusema kweli kwa ukali kama hii.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa mwongo wa kawaida ndivyo ilivyo: anajibu swali la kwanza na la pili, la tatu linamshika. Mwandishi wa fantasia naye ni mwongo, tena mwongo wa mchana kweupe, lakini njia yake haina budi kuwa ndefu. Anakuomba umkubalie jambo moja lisilowezekana. Ukishamkubalia, kila swali utakalomuuliza baada ya hapo linamdai jibu. Uongo wake una bei gani? Nani anafaidika nao? Nani analala njaa kwa sababu yake? Akibabaika, kitabu unakifunga. Akijibu, unakesha nacho.

Nianze na mtu ambaye utunzi haukuwa kazi yake. Johannes Kepler ni yule mwanaastronomia Mjerumani aliyegundua kwamba sayari hazilizunguki jua kwa duara kamili, bali kwa njia ya duaradufu. Mwanzoni mwa karne ya 17 aliandika kitabu kidogo kwa Kilatini, akakiita Somnium, yaani ndoto. Ndani yake kuna kijana wa Iceland ambaye mama yake ni mchawi. Mama anamwita pepo, na pepo anawasimulia habari za Mwezini na jinsi binadamu wanavyoweza kufikishwa huko. Basi, uongo ni huo: pepo anayebeba abiria. Kepler hana roketi, hana namna nyingine ya kuwafikisha watu wake, kwa hiyo anaazima pepo na hamwombi mtu radhi.

Lakini tazameni anavyomfunga pepo huyo kwa masharti. Pepo husafiri kivulini tu, kwa hiyo safari hufanyika wakati wa kupatwa, pale kivuli kinapoiunganisha Dunia na Mwezi, na ni lazima iishe kwa saa nne. Abiria wanene hawatakiwi. (Vikongwe wakavu waliozoea kupanda mbuzi usiku wanapendelewa, Kepler alikuwa na utani wake.) Msafiri analeweshwa dawa asisikie kishindo cha kuondoka, na viungo vyake vinapangwa ili visikatike. Puani anawekewa sponji lenye maji, kwa sababu huko juu hewa haivutiki. Halafu, mkishafika mbali vya kutosha, mwili unaendelea kwenda wenyewe bila kusukumwa. Hayo yameandikwa kabla Newton, mwenye kanuni za mwendo tunazofundishwa shuleni, hajazaliwa.

Na Mwezini kwenyewe pepo anaacha kazi, hesabu inashika usukani. Mchana wa huko ni kama wiki mbili zetu, na usiku vivyo hivyo. Wanaoishi upande unaotuelekea wanaiona Dunia imeganda mahali pamoja angani, ikijizungusha, ikikua na kupungua. Wa upande wa pili hawaioni maisha yao yote. Viumbe wake hukua upesi na kufa upesi, na hukimbilia mapangoni jua likiwa kali. Kila kitu kimetokana na swali moja: ikiwa ni hivi, basi huko itakuwaje?

Alikuwa na shabaha. Mtu wa Mwezini angeapa kwamba pake pametulia na ni vitu vingine vinavyozunguka. Kepler alitaka msomaji amcheke mtu huyo, kisha kicheko kimkwame atakapokumbuka kwamba yeye mwenyewe anaapa hivyohivyo juu ya Dunia. Hoja ya Copernicus, kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka jua, ambayo watu waligombana nayo kwa miaka, yeye aliipitisha mlango wa nyuma.

Gharama yake ilikuwa ya kweli. Mama yake mzazi, Katharina, alishtakiwa kwa uchawi akatiwa gerezani mwaka 1620, na Kepler ilimbidi asimamie utetezi wake hadi alipoachiwa mwaka 1621. Mwenyewe aliamini kwamba uvumi wa ule mswada, wenye kijana na mama mchawi, ulichochea moto. Baadaye aliongezea tanbihi ndefu kuliko hadithi yenyewe, za kufafanua kila sentensi. Kitabu kilichapishwa mwaka 1634, miaka minne baada ya kifo chake. Huwa nawaambia wanaoita vitabu hivi vya kitoto wakamsomee Katharina.

Sasa, hiki ni kitabu cha kisayansi au ni fantasia? Kina pepo na kina jiometri kwenye ukurasa mmoja. Ukuta kati ya kabati hizo mbili dukani ni wa muuza vitabu, sina ugomvi nao.

Ugomvi ninaoupenda ni mwingine. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne aliwarusha watu watatu kuelekea Mwezini kwa mzinga mkubwa uliochimbiwa ardhini Florida. Mwaka 1901 Mwingereza H. G. Wells aliwapeleka watu wawili kwa chombo chenye kitu cha kubuni, Cavorite, kinachozuia mvutano. Verne, aliyekuwa mzee wakati huo, alichukizwa. Mimi natumia fizikia, alilalamika, huyu bwana anabuni. Basi atuonyeshe hicho kitu chake! Wasomaji wengi hadi leo wanampa Verne haki. Mimi simpi.

Piga hesabu. Mzinga wa Verne una futi 900, karibu mita 270. Ili chombo kifikie kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde ndani ya urefu huo, abiria wanasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wao zaidi ya mara 20,000. Wasingefika mdomo wa mzinga wakiwa na umbo la watu. Verne anawawekea maji chini ya sakafu kupunguza kishindo, kisha safari inaendelea na soga zinapigwa. Uongo wake ameuficha ndani ya tarakimu. Wells anausema waziwazi: nipeni kitu hiki kimoja. Halafu analipa. Siku Cavorite inapopatikana, hewa iliyo juu yake inapoteza uzito, ya pembeni inaisukuma juu, dhoruba inang'oa mapaa, na mvumbuzi anaeleza kwa utulivu wa kutisha kwamba kama ile bati ya Cavorite ingebaki mahali pake, dunia nzima ingenyonywa hewa yake. Chombo nacho hakipai kwa maneno: kina madirisha ya kufungua na kufunga, ukifungua linaloelekea Mwezini, Mwezi unakuvuta. Wells mwenyewe aliandika kwamba pale ambapo lolote laweza kutokea, hakuna kinachobaki kuvutia. Ningekuwa na mamlaka, ningewapa wanafunzi wote wa uandishi sentensi hiyo kabla ya kuwapa kalamu.

Kuna wanaodhani sharti hili linaihusu sayansi peke yake, na kwamba kwenye uchawi kila mtu anajifanyia atakavyo. Uchawi mbaya, ndiyo. Katika riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1968, A Wizard of Earthsea, nguvu zote zimekaa kwenye majina ya kweli: ukilijua jina la kweli la kitu, unakimiliki. Mwandishi mvivu angeishia kwenye mapambano ya kutupiana majina. Le Guin anauliza: watu wa nchi kama hiyo wanaishije? Wanayaficha majina yao, bila shaka, na kuitana kwa lakabu hadi kufa. Kwa hiyo urafiki ni nini huko? Ni kumnong'oneza mtu jina lako. Rafiki wa kijana Ged, shujaa wa riwaya hiyo, anapomwambia jina lake la kweli, baada ya Ged kujidhalilisha mbele ya wenzake kwa kiburi chake, hakuna kukumbatiana, hakuna machozi, na bado ni moja ya kurasa za urafiki zilizonigusa kupita zote. Imewezekana kwa sababu uongo umefuatwa hadi mwisho wake.

Na sisi tunaosoma Kiswahili hatukuletewa jambo hili na meli. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani mwaka 1951. Nchi inaelea juu, huo ndio uongo. Lakini waziri mwenye wivu, mshtakiwa anayejitetea, wajumbe sita waliotumwa kuleta maarifa wakalipwa kifungo, hao wote wana miguu ardhini. Wachambuzi wakifika hapo huikimbilia tafsiri: anga ni fumbo la kitu fulani. Sawa. Mimi naomba tu kabla ya kufumbua tukubali kwamba ni anga kweli, tutazame chini, tusikie kizunguzungu kidogo. Msomaji anayeruka hatua hiyo amekula maganda.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Octavia Butler, Mmarekani mweusi, katika Kindred ya mwaka 1979. Dana, mwanamke wa California wa mwaka 1976, anavutwa ghafla hadi kwenye shamba la watumwa Maryland mwanzoni mwa karne ya 19. Anavutwa kila mara mvulana mzungu, mwana wa mwenye shamba, anapokaribia kufa. Mvulana huyo ni babu yake wa zamani. Butler haelezi kinachomvuta. Hakuna mashine, hakuna mganga, hata ukurasa mmoja wa kukisia. Ametumia uongo wake mmoja, amefunga mkoba. Kilichobaki ni historia, nayo haina huruma: Dana analazimika kumwokoa mtoto yule tena na tena ili yeye mwenyewe aje kuzaliwa, na mtoto anakua kuwa bwana mwenye watumwa. Angeandika riwaya ya kihistoria ya kawaida, mimi na wewe tungesimama salama upande huu wa wakati tukihukumu. Hapa hatuna pa kusimama.

Hatimaye huwa naulizwa juu ya utabiri. Watu hupenda kuvitetea vitabu hivi kwa kusema vilitabiri hiki na kile. Ni utetezi dhaifu. Ni kweli kwamba Wells huyohuyo aliandika mwaka 1914 juu ya mabomu ya atomiki, na kwamba mwanafizikia Leo Szilard alikisoma kitabu hicho mwaka 1932, kisha mwaka uliofuata, akiwa London, akapata wazo la mfululizo wa mimenyuko ya nyuklia, mmoja ukiuchochea mwingine. Lakini mabomu ya Wells huendelea kulipuka kwa siku nyingi mahali pamoja. Kiufundi alikosea. Alichokipata ni kile kinachofuata: kwamba silaha ya aina hiyo ingezifanya serikali za kawaida zionekane kama watoto waliokabidhiwa nyumba. Na waandishi waliojaza anga kwa meli za nyota waliwaachia manahodha wao kukokotoa njia kwa karatasi na penseli. Vitabu hivi sivisomi kama kalenda.

Msidhani napenda vyote. Nachoka na riwaya ambamo shujaa anagundua nguvu mpya ukurasa wa mwisho, pale tu anapoihitaji. Nachoka na sayari nzima yenye hali ya hewa moja, chakula kimoja na tabia moja. Na ramani ya kurasa mbili yenye milima isiyo na mito inaniambia kila kitu kuhusu mtunzi kabla sijafika sura ya kwanza.

Sasa tufanye kazi kidogo, maana kusifu peke yake hakutoshi. Nipeni uongo mmoja: sauti haifi. Neno likishasemwa linabaki palepale liliposemwa, na kila apitaye hapo atalisikia, leo au baada ya miaka 1,000. Hilo tu, mengine yote yabaki kama yalivyo. Tuulize. Soko la zamani halikaliki, ni kelele juu ya kelele. Kwa hiyo ardhi ambayo haijawahi kusemewa neno ni ghali, na matajiri wanaishi kwenye ukimya. Maskini wanapanga vyumba vyenye ugomvi wa wapangaji wa karne iliyopita. Mahakama haziiti mashahidi, hakimu anakwenda kusimama pale jambo liliposemwa. Basi mtu mwenye siri haongei. Anatumia ishara za mikono, na lugha ya viziwi inakuwa lugha ya ikulu. Mjane hahami nyumba. Mtu akitaka kukuumiza anakuja usiku na kusema neno moja mlangoni kwako, na unahama. Na kiapo cha ndoa mnakwenda kukisemea wapi, mahali ambapo mtapapita kila siku, au mahali ambapo hamtarudi kamwe?

Mnaona, mimi nilileta uongo mmoja tu. Haya mengine yalikuwa yakingoja. Liko moja ambalo sijalipatia jibu, na ninalipeleka kwenu pamoja na kipaza sauti hiki: mtoto mchanga hulia usiku kucha na haelewi ishara. Katika dunia hii, wazazi wake wanampeleka wapi, na ni nani anayewakubalia?