Riverbu za Kizamani Ndani ya Kompyuta Mpya: Tunachosasisha na Tusichogusa

Habari za jioni, ndugu zangu. Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliopita Wandegeya hapa Kampala saa hii ya foleni. Waandaaji wameniomba nizungumze Kiswahili ili tusiwaache nje wenzetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, basi Luganda ikiniponyoka mnivumilie.

Riverbu ni ule mvumo unaobaki baada ya sauti, kama ndani ya kanisa kubwa. Kazi yangu ni kutunza maktaba ya riverbu za kompyuta, yaani plagini, programu ndogo zinazoiga mashine za zamani za kutengeneza mvumo huo, ambazo maprodyuza huzifungua ndani ya programu zao za kurekodi. Sasa hivi tunazisasisha. Kila mtu huniuliza tumeongeza nini. Mimi nataka kuzungumzia zaidi tulichokataa kukigusa, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Kabla ya mashine kulikuwa na vyumba. Mwaka 1947, mjini Chicago, mhandisi Bill Putnam aliweka spika na maiki ndani ya bafu la studio, akapitisha humo muziki wa kundi la Harmonicats, akarekodi kilichorudi kutoka kwenye kuta. Miaka 10 baadaye, 1957, kampuni ya Kijerumani ya EMT ikatoa kifaa kilichoitwa EMT 140. Ndani yake mna bamba la feleji la takriban mita 2 kwa mita 1, unene wake kama nusu milimita, limening'inizwa kwa springi ndani ya fremu. Kifaa kizima kina uzito wa kilo 270 hivi; fikiria kukipandisha ghorofa ya tatu ya zile arcade zetu za katikati ya mji. Kitetemeshi hulisukuma bamba, vinasa sauti huchukua mtetemo wake. Sasa sikilizeni vizuri: ndani ya bamba, sauti nyembamba husafiri haraka kuliko nzito. Ukipiga ngoma ya snea, ukali hutangulia na uzito hufuata nyuma yake, na mvumo hujaa papo hapo bila kusubiri ukuta wa mbali. Hakuna chumba duniani chenye tabia hiyo. Kwa kipimo cha fizikia ya vyumba, bamba ni uongo mtupu, na sauti za waimbaji zimelipenda mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia Manfred Schroeder, pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alionyesha jinsi ya kutengeneza riverbu kwa hesabu peke yake: unaichelewesha sauti, unairudisha ndani ikiwa imepungua kidogo, unaichelewesha tena. Ilichukua muda hadi mashine za kuuzwa zikapatikana. EMT 250 ilitoka 1976, Lexicon 224 ikafuata 1978. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali mno siku hizo, hivyo wahandisi walibana kila mahali. EMT 250 ilipima sauti mara 24,000 tu kwa sekunde, na kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Mjuao hesabu hii mmeshaelewa: mashine hunasa mitetemo hadi nusu tu ya idadi hiyo, kwa hiyo juu ya Hz 12,000, yaani mitetemo 12,000 kwa sekunde, hakuna kitu, pamekatwa.

Basi kishawishi cha kwanza cha msasishaji ni hicho. Leo laptopu yako inapima mara 48,000 au 96,000. Kwa nini tusifungue trebo yote, yaani sauti nyembamba za juu? Tuliijaribu kwa ajili ya kusikia tu. Kile kivuli laini kilichokuwa nyuma ya mwimbaji kiligeuka mchakacho wa mabati ya mvua. Ule upungufu ndio ulioifanya riverbu ikae nyuma ya sauti ya mtu bila kugombana na herufi zake za "s" na "sh". Tumeuacha kama ulivyo.

Tulichobadilisha ni namna ya kuhesabu. Hesabu za zamani huandika ucheleweshaji kwa idadi ya sampuli. Sampuli 1,000 kwenye mashine ya 24,000 ni milisekunde kama 42. Ukiipeleka namba ileile kwenye mradi wa 48,000 bila kuigeuza, zinabaki 21: chumba kimekatwa nusu na wewe hujui kimekatwa na nani. Kwa hiyo sasa kila kitu kimeandikwa kwa muda. Pia mashine kama ya Lexicon ziliyumbisha urefu wa ucheleweshaji kidogo kidogo ili mvumo usilie kama mlio wa chuma. Kasi ya kuyumba huko nayo imefungwa kwenye saa, haifuati tena mwendo wa kompyuta.

Kuna ugonjwa mmoja ambao wengi mmeuona bila kujua jina lake. Wimbo umeisha, kimya kabisa, halafu feni ya laptopu inaanza kunguruma na programu inakwama. Chanzo ni riverbu. Sauti inayorudishwa ndani inapungua kila mzunguko, lakini kupungua si kufika sifuri. Namba inakuwa ndogo, ndogo zaidi, mpaka inashuka chini ya kumi kwa kipeo cha hasi 38, na huko baadhi ya prosesa hulazimika kutumia njia ndefu ya hesabu, polepole mara nyingi kuliko kawaida. Yaani kompyuta inatoka jasho kwa sauti ambayo hata popo haisikii. Dawa yake ni kuiamuru prosesa izihesabu namba hizo kuwa sifuri. Ni mistari michache ya kodi, na kwa mwenye laptopu ya mtumba ni afadhali kuliko riverbu mpya tano.

Nije kwenye jambo linaloleta ugomvi majumbani: miradi ya zamani. Faili la mradi wako halibebi riverbu yenyewe. Linabeba kitambulisho cha plagini na namba za vitufe vyake. Msasishaji akibadilisha kitambulisho, au akapanga vitufe upya kwa sababu ya urembo, kwaya uliyoimiksi mwaka juzi inafunguka ikiwa kavu, bila mvumo wowote, au vibaya zaidi, ikiwa na mvumo usio wake. Ndiyo maana kwetu kila sauti ya zamani inabaki chini ya kitambulisho chake, na iliyorekebishwa inakaa pembeni kwa jina lingine. Wapo watakaosema menyu imekuwa ndefu. Iwe ndefu.

Mabadiliko mengine tumelazimishwa. Apple iliacha programu za biti 32 kwenye macOS ya 2019, ikaanza kutumia prosesa zake yenyewe kwenye Mac mwaka uliofuata. Steinberg nao waliacha kutoa leseni mpya za VST2, muundo wao wa zamani wa plagini, mwaka 2018. Hayo tunayafuata, hatuna la kusema.

Sasa amadinda, marimba yetu ya mbao ya Buganda. Riverbu hizi zilizaliwa kwa ajili ya waimbaji na okestra za Ulaya na Marekani, na mipangilio iliyohifadhiwa ndani yake ni ya huko. Amadinda ina vibao 12 na wapigaji watatu: omunazi na omwawuzi wanaingiliana pigo kwa pigo, omukoonezi anaokota mchoro wake kwenye vibao viwili vya juu. Tuseme kwa pamoja wanafika mapigo 500 kwa dakika. Kati ya pigo na pigo ni milisekunde 120. Weka hapo bamba lenye mvumo wa sekunde 2.5 na mapigo 20 yanalia kwa wakati mmoja. Mchoro wa omukoonezi umezama. Wengine hujitetea kwa kuchelewesha mwanzo wa riverbu. Kwa mwimbaji inafaa. Kwa amadinda, ukichelewesha milisekunde 120 mvumo wako unatua juu kabisa ya pigo la mwenzako. Mipangilio mipya tuliyoongeza ni ya bamba fupi, chini ya sekunde moja, besi imepunguzwa, hakuna kuchelewesha.

Mtu ameuliza kwa nini tusipime mvumo wa makanisa makuu ya Namirembe au Rubaga tukauweka ndani. Inawezekana, wenye kanisa wakikubali. Hutahitaji kupasua puto ili kupata mlio wa ghafla wa kupimia. Unapiga mlio unaopanda polepole kutoka besi hadi trebo, mbinu aliyoieleza mtafiti wa Italia Angelo Farina mwaka 2000, na boda boda anayepita nje haharibu sana kwa sababu kelele yake hailingani na mlio huo. Tatizo ni ukubwa. Sekunde 5 za stereo, biti 24, sampuli 48,000, ni megabaiti 1.44. Vyumba 300 ni zaidi ya megabaiti 430, nanyi mnajua bei ya bando. Tukifika huko, kila chumba kitapakuliwa peke yake.

Na dada pale mbele ameuliza kama afute toleo la zamani. Usifute, dada yangu, mpaka umefungua miradi yako yote ukaisikiliza. Na kila wimbo ukikamilika, toa riverbu peke yake kama faili la WAV, uiweke pamoja na mradi. Sisi tunaweza kufunga duka, WAV itafunguka.

Mwenye laptopu ya zamani ya Windows abaki nayo hapa. Tutapitisha wimbo mmoja kwenye matoleo yote mawili, nataka nione feni ya nani italia kwanza.