Hodi Usukanini

SALUM: Karibuni tena kijiweni. Leo tuliahidi mambo matatu ya taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali: spairo kebo, yaani utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani, soketi za chini ya viti, halafu kontroli boksi, lile linaloamuru eabegi ilipuke.

REHEMA: Kaka Salum, kwanza waambie kilichoingia Jumanne.

SALUM: Toyota ya mtumba. Ukiwasha swichi, taa ya eabegi inatakiwa iwake kama sekunde 6 kisha izime. Hii haizimi. Na hapo kwenye dashibodi, kando ya usukani, kumegundishwa…

REHEMA: Swichi ya kengele ya mlango! Nyeupe, ina kipicha cha kengele.

SALUM: Ndiyo honi yake hiyo.

REHEMA: Hodi!

SALUM: Karibu. Haya, tuendelee.

REHEMA: Ngoja, swichi hiyo imeshamaliza nusu ya kazi. Ukiibonyeza honi inalia, maana yake fyuzi nzima, rilei nzima, honi nzima. Kilichokufa ni njia ya kupitia usukanini, na mshukiwa wa kwanza ni spairo kebo. Na utepe huohuo ndio unaobeba nyaya za eabegi ya dereva.

SALUM: Kompyuta ya gari ikatoa kodi ya hitilafu, 14. Kwenye zile kodi za Toyota za tarakimu mbili, 13 ni shoti upande wa dereva, 14 ni njia imekatika.

REHEMA: Hapo ndipo mtu anakimbilia kununua eabegi.

SALUM: Toa waya hasi wa betri, subiri sekunde 90 au zaidi. Boksi lina kapasita, linabaki na umeme wa kulipua hata betri ikiwa nje. Fungua eabegi, ilaze mezani uso ukitazama juu. Ukiifudikiza ikalipuka, inaruka nzima.

REHEMA: Na usiipime kwa mita! Umeme wa mita unaweza kuiwasha. Mahali pake chomeka rezista ya omu 2.2, boksi lidhani eabegi ipo, rudisha betri, futa kodi. 14 ikipotea, eabegi ndiyo mbovu. Ikirudi, tafuta kwenye utepe na nyaya.

SALUM: Yetu ikarudi.

REHEMA: Hodi!

SALUM: Mgeni gani huyu haondoki? Sasa sikilizeni mtego. Betri nje, sekunde 90 tena, chomoa soketi ya njano kwenye boksi. Ndani yake kuna kibati cha springi, ukichomoa tu kinaunganisha zile nyaya mbili ili eabegi isilipuke kwa bahati mbaya. Fundi asiyekijua anapima, mita inasoma karibu na sifuri, anatangaza shoti.

REHEMA: Kumbe kibati kimemfungia mzunguko bure! Weka mita mwisho wa utepe, pale eabegi ilipochomekwa. Inatakiwa isome chini ya omu 1. Zungusha usukani polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Usukani wa gari hili ukiwa umenyooka mita haisomi kitu. Karibu na mwisho wa kushoto ikasoma 0.6, ikapotea. Utepe umekatika kwenye mkunjo.

SALUM: Basi unashuka Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, unachukua ya mtumba iliyo nzima…

REHEMA: Hapana, kaka.

SALUM: Naipima inazunguka mara kumi. Mita haichezi, nafunga.

REHEMA: Mita haioni uchovu. Imetoka kwenye gari la umri uleule, imekunjwa mara zilezile.

SALUM: Na hizo mpya zisizo na jina? Plagi zinacheza. Halisi iliyotumika naiamini zaidi.

REHEMA: Nunua mpya halisi.

SALUM: Mteja hana hela hiyo. Ukimkatalia, ataenda kwa mwingine amwachie rezista humo, taa izime, na eabegi hana.

REHEMA: Afadhali taa iendelee kuwaka, akijua hana, kuliko mimi nimwambie anayo.

SALUM: Sikubali.

REHEMA: Hata mimi.

SALUM: Na ile kengele, tukishafunga nyingine tunaing'oa?

REHEMA: Mteja kasema ibaki. Wanawe wanaipenda.

SALUM: Hodi!

REHEMA: Karibu! Dakika mbili zimebaki, viti na boksi hatujagusa.

SALUM: Basi hili la kufunga tu: tairi za mbele zinyooke. Zungusha spairo kinyume cha saa mpaka ikaze, usilazimishe, kisha irudishe mizunguko 2 na nusu hivi mpaka alama zikutane. Ukiifunga ovyo, siku ya kwanza mtu akikata kona mpaka mwisho inakatika.

REHEMA: Mpya au ya mtumba?

SALUM: Zote. Usinianze.

REHEMA: Viti wiki ijayo. Mkija, bonyezeni kengele.