Maktaba za Vijijini Kanda ya Ziwa: Historia Yake Tuitafute Wapi?

Ndugu wakutubi wenzangu, walimu wetu, na ninyi wanafunzi mliofika jioni hii, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kihistoria katika taaluma ya ukutubi, yaani kazi ya maktaba. Nikiuzungumzia kwa jumla tu tutaishia kwenye maneno matupu, kwa hiyo nitauleta kwenye swali moja la hapa kwetu Mwanza: maktaba zilizofunguliwa vijijini wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, nani alizitumia, na ziliishia wapi?

Nimelichagua swali hili kwa sababu ushahidi wake unapotea sasa, na mara nyingi unapotea mikononi mwetu sisi wakutubi.

Wadogo zangu huenda hawajui kwamba mji huu ulikuwa kitovu cha jambo kubwa. Mwaka 1965 mawaziri wa elimu wa nchi mbalimbali walikutana Tehran kwa wito wa UNESCO kuujadili ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Kutokana na mkutano ule ilizaliwa miradi ya majaribio, na wa Tanzania ukawekwa hapa Mwanza kuanzia 1968 hadi 1972, ukihudumia mikoa ya ziwa. Kiliitwa kisomo chenye manufaa: mkulima anajifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, wa upande wa Bukoba kwa kitabu cha ndizi. Mwaka 1971 serikali ikateua wilaya sita za kufuta ujinga kwanza kabla ya nchi nzima, na Ukerewe ikawa mojawapo. Kisha likaja swali ambalo kila mkutubi angeliuliza: huyu aliyekwisha kujua kusoma atasoma nini kesho? Ndipo likaanzishwa hapa Mwanza, mwaka 1974, gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, na ndipo makabati ya vitabu yakaanza kupelekwa kwenye kata.

Historia ya maktaba kama tulivyozoea kuiandika hufuata sheria na majengo. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilianza 1948 na ikasambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ikapitishwa 1963. Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sheria mpya ikaja 1975. Tarehe hizo lazima tuzijue. Lakini zinatueleza wakubwa waliamua nini. Mvuvi wa kisiwa cha Ukara alisoma nini usiku baada ya kuanika nyavu, hilo hazilisemi.

Wenzetu Marekani walikwama hapohapo. Kwa muda mrefu historia ya maktaba zao za umma ilisimuliwa kama hadithi ya wahisani waliowapenda wanyonge. Mwaka 1973 Michael Harris, mwanahistoria wa maktaba, aliwarudia waanzilishi wa Maktaba ya Umma ya Boston na kuuliza swali jingine: watu hawa wenye mali walikuwa wakiogopa nini? Akadai kwamba walitaka pia kuwatuliza wahamiaji na kuwafinyanga wafanane nao. Wapo waliompinga vikali, na katika kupingana huko watafiti wakalazimika kuyafungua madaftari ya wasomaji ambayo hayakuwa yameguswa. Nami naona faida kubwa ya Harris ipo hapo, kuliko hata kwenye jibu lake. Kampeni yetu ya kisomo nayo inasimuliwa kwa namna mbili tu, ama ushindi mtupu ama propaganda tupu, na pande zote mbili hazijafungua daftari hata moja la kabati la kata.

Sasa tuingie kazini. Ukipata waraka, hoja ya kwanza ni kama waraka wenyewe ndio: umeandikwa lini, na nani, na unazungumzia mahali gani. Kwa huku kwetu mahali peke yake panaweza kukupoteza. Katika majalada ya Wajerumani mji huu unaandikwa Muansa. Waingereza walikuwa na Jimbo la Ziwa, ambalo mipaka yake haifanani na mkoa wowote wa leo. Ziwa Magharibi ikawa Kagera. Geita na Simiyu zimekuwa mikoa mwaka 2012, kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta habari za maktaba ya Geita ya miaka ya sabini akiomba majalada ya Mkoa wa Geita ataambiwa hakuna, naye ataandika kwamba hapakuwa na kitu! Ongeza Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya sabini: watu walihamishwa, na kijiji unachokikuta kwenye orodha ya 1972 huenda leo ni mashamba. Kabla hujaenda kwenye nyaraka, chora ramani yako ya majina na miaka.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Waraka ni halali, lakini unasema kweli kiasi gani? Chukueni takwimu tunazonukuu kila siku. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 ulitangaza kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Wa 1977, asilimia 27. Wa 1986, asilimia 9.6. Mimi sisemi takwimu hizi ni za uongo. Nasema mtafiti azihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi: nani alifanyiwa mtihani, nani alibaki shambani siku ile, aliyefaulu alitakiwa aweze nini, na ofisa aliyejaza fomu alikuwa akipimwa kwa namba hizohizo? Mtu anayeandika taarifa kwenda kwa mkubwa wake huandika akijua inasomwa na nani.

Daftari la kuazimisha vitabu halina shida hiyo, au linayo kidogo. Mwalimu wa kisomo aliyeandika jina, namba ya kitabu na tarehe ya kurudisha hakutafuta sifa. Alitaka tu kitabu kirudi. Ndiyo maana nalithamini kuliko taarifa kumi za mwaka. Linaonyesha msimu: je, uazimaji unashuka wakati wa kuvuna pamba? Linaonyesha jinsia. Linaonyesha kama kitabu cha kilimo kilichopelekwa kwa wingi kilibaki kabatini huku kijitabu cha hadithi kikizunguka hadi kurasa zikachanika. Hata hivyo nalo lina uziwi wake. Jina lililoandikwa ni moja, lakini kitabu chenyewe huenda kilisomwa kwa sauti na mtoto wa shule, na bibi, shangazi na majirani wakisikiliza. Kwenye hesabu huyo ni msomaji mmoja. Tukifuata daftari peke yake tutawafuta watu walewale ambao kampeni iliwalenga.

Hata katalogi yetu, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, ni chanzo kinachohitaji kuhojiwa. Tazameni kadi ya riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Dar es Salaam, 1980. Msomaji ataiweka kwenye fasihi ya enzi za Ujamaa. Lakini mzee yule aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaja kuitafsiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na akafariki 1981. Miaka 35 yote haimo kwenye kadi. Huwa linaniuma sana jambo hilo, kwamba kazi kubwa hivi ilikaa miongo mitatu na zaidi kando ya ziwa letu bila rafu ya kuipokea.

Sasa wenye kumbukumbu vichwani mwao. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1971 leo anakaribia 80 au ameshapita. Mkienda kwao, msiulize "Bibi, maktaba ilikusaidia?" Kwa heshima ya mgeni atasema ilinisaidia sana, na hapo mmefunga mlango. Ulizeni kabati lilikuwa nyumba gani. Ufunguo alikaa nao nani, na akisafiri ilikuwaje? Mlisoma kwa mwanga gani? Kitabu gani mlikipenda, kipi mlikiacha? Mume alisemaje ukienda darasani? Na mruhusuni ajibu kwa Kikerewe au Kisukuma, kisha mwandike alivyosema kabla ya kutafsiri. Ombeni ridhaa kabla ya kurekodi, na nakala moja ibaki kwa familia.

Niseme na lile linalotuhusu sisi tulio kazini. Tunaposafisha stoo, tunaokoa vitabu na kuchoma madaftari. Tunayaona takataka kwa kuwa kazi yake imekwisha. Sheria namba 3 ya mwaka 2002 inayosimamia kumbukumbu na nyaraka hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa kiholela, na daftari la maktaba ya umma ni kumbukumbu ya umma. Ukilikuta daftari la zamani, liandike lilipatikana wapi na lilikuwa pamoja na vitu gani, lipige picha ukurasa kwa ukurasa hata kwa simu, mpigie ofisa kumbukumbu. Usilitenganishe na kabati lake bila maelezo, maana likishatenganishwa hakuna atakayejua ni la kijiji gani.

Kwa wanaotafuta mada ya tasnifu, mimi ningeanzia Ukerewe. Ilikuwa miongoni mwa zile wilaya sita, kwa hiyo macho ya serikali yalikuwa huko na karatasi nyingi ziliandikwa. Na wazee waliokaa madarasa yale bado wapo. Atakayekuwa tayari tuzungumze kabla hamjaondoka, tupange maswali na barua za vibali. Karibuni sasa kwa maswali.