Simuleta ya Nyumbani kwa Mwanafunzi wa Urubani: Mhadhara Uliotolewa Malindi

Assalaamu alaykum. Shikamooni wazee wangu, na nyinyi vijana hamjambo. Nashukuru ukumbi umejaa mchana wa jua kali namna hii, ingawa najua wengine mmefuata feni.

Nimeombwa niseme ni programu gani ya simuleta ya ndege, yaani ya kuiga urukaji kwenye kompyuta, mwanafunzi wa urubani aiweke kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Kwa ufupi: tazama kwanza umefika somo gani, kisha bando lako, kisha nguvu ya kompyuta yako. Uzuri wa picha uje mwisho. Vijana wengi huanzia huko mwisho, na anayelipa ni mzazi.

Wazazi nawaambia mapema: masaa ya simuleta ya chumbani hayaandikwi kwenye daftari la masaa ya kuruka. Yanayokubaliwa ni ya vifaa vilivyokaguliwa na kuidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, tena kwa kiwango maalumu. Faida ya nyumbani ni nyingine. Saa moja ya ndege ni pesa nyingi, na mwanafunzi anayefika akiwa bado anatafuta swichi ya taa anazilipa dakika hizo kwa bei ya mafuta ya ndege.

Simuleta hufundisha vizuri mambo ya mpangilio: cheklisti, nini kifuatie nini kabla ya kutua, jinsi sindano ya VOR, ile redio ya ardhini ya kuongozea ndege, inavyokwenda unapokaribia kituo chake. Haifundishi uzito wa usukani. Jostiki ina springi, ukiiachia inarudi katikati. Usukani wa Cessna, ile ndege ndogo ya kujifunzia, hubadilika ugumu kadiri kasi inavyobadilika, na rubani huuondoa ule mzigo mkononi kwa trimu, kigurudumu kidogo cha kusawazisha usukani. Kwa hiyo usijivunie kutua kwa ulaini kwenye kioo cha kompyuta. Walimu pia hulalamika kwamba watoto wa simuleta huganda macho kwenye saa za ndege, yaani vipimo vilivyo mbele ya rubani, na kusahau nje. Dawa yake ni rahisi: bandika karatasi juu ya saa zote isipokuwa ile ya kasi, kisha zunguka kiwanja kwa kutazama upeo wa macho.

Sasa programu zenyewe. Microsoft Flight Simulator ni ya zamani, toleo la kwanza lilitoka mwaka 1982. Matoleo ya 2020 na 2024 yametengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, na ardhi yake hujengwa kwa picha za setilaiti zinazoshushwa kwa intaneti wakati unaruka. Kwa anayejifunza kuruka kwa kutazama ardhi, hapa hapana mpinzani. Toka kiwanja chetu, elekea kaskazini: unaona maji ya kahawia ya Sabaki yakiingia baharini, Mambrui, rasi ya Ngomeni, kisha Ghuba ya Ungwana, mdomo wa Tana pale Kipini, halafu mikoko mpaka kisiwa cha Manda, Lamu. Mwanafunzi akiizoea njia hiyo nyumbani, siku ya safari yenyewe ramani haitamtetemesha mikono. Lakini picha hizo zinakula bando, na toleo la 2024 hutegemea intaneti kuliko lililotangulia. Aliye Lamu na anayetumia data ya simu ajipime. Mtandao ukikatika, anaweza kubaki na ardhi isiyofanana na pwani yoyote anayoijua.

X-Plane, ya Laminar Research, iliyoanzishwa na Austin Meyer, ina tabia nyingine. Hugawa bawa na rafadha (panga la mbele) vipande vidogo vidogo, ikakokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande, mara nyingi kwa sekunde. Ardhi yake si nzuri hivyo, lakini unaichagua kwenye ramani na kuipakua mara moja. Ukichukua Afrika Mashariki peke yake, basi. Hukubali Windows, Mac na Linux. Mimi naipendea jambo moja zaidi: mwalimu anaweza kukuharibia ndege. Anaiua pampu ya hewa, na saa ya mlalo inayozungushwa nayo, ile ya kuonyesha ndege imelala au imekaa sawa, inaanza kulala polepole, bila kelele, wewe ukiwa ndani ya mawingu. Kwa mwanafunzi wa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata saa bila kuona nje, zoezi hilo peke yake linatosha kuinunua.

FlightGear ni ya bure kabisa, imejengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Sura yake ni ya kizamani, ila Cessna 172 yake ni ya heshima na inakubali kompyuta ambayo hizo nyingine zitaikataa. Asiye na pesa aanzie hapo, asione haya.

Ipo sababu ya kwetu ya kujali hesabu ya hewa. Wengi wenu mtasomea uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, futi kama 5,500 juu ya bahari. Sisi hapa hatufiki futi mia moja. Weka Cessna Malindi kwenye joto la digrii 30, pima inakula lami kiasi gani kabla ya kunyanyuka, kisha fanya hivyo hivyo Wilson. Kwa kuwa hewa ya huko juu ni nyepesi, saa ya kasi inasoma vilevile, lakini ardhi inapita mbio zaidi na lami inaisha upesi. Halafu weka upepo kwa mkono. Kaskazi wa noti 20 (noti ni maili ya baharini kwa saa) ukikujia kwa pembe ya digrii 30 na njia ya kurukia, noti 10 zinakusukuma ubavuni. Rudia mpaka mguu ujue kabla ya kichwa.

Na mguu unataka pedali, zile za kuzungushia usukani wa mkia. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu baada ya jostiki, nunua pedali, acha kioo kikubwa. Wanaozungusha jostiki kwa kifundo cha mkono wakidhani wanatumia usukani wa mkia hufika darasani miguu imelala.

Kuna kijana ameniuliza habari ya redio. VATSIM ni mtandao wa bure ambako waongoza ndege wa kujitolea huzungumza nawe kwa sauti. Ni mazoezi mazuri, lakini kwanza sema peke yako kwa sauti, mlango umefungwa, mpaka maneno yatoke bila kukwama.

Kabla hujalipa, pakua toleo la majaribio la X-Plane, ni la bure. Liendeshe kwenye kompyuta yako mwenyewe, si ya rafiki. Likikwamakwama unapokaribia lami, punguza ubora wa picha kwanza. Likiendelea kukwama, rudi FlightGear, na ile pesa iwekee saa ya kuruka kwenye ndege halisi.