Kuiondoa Telnet kwenye Seva za Linux: Mhadhara kwa Mafundi wa Kompyuta, Mwanza

Ndugu mafundi na wanafunzi, habari za mchana.

Wengi wenu mnahudumia seva za Linux msizoziona kwa macho: fundi yuko hapa Mwanza mjini, mashine iko Nansio, kisiwani Ukerewe, naye huingia humo kwa mtandao. Leo tuzungumzie njia anayopitia.

Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye mashine ya mbali, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka 1983, hutumia poti 23 (mlango wa mtandao wenye namba hiyo) na hupeleka kila kitu wazi. Asiyeamini aendeshe `tcpdump -A port 23`, amri inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao, kwenye mashine yake ya majaribio huku mwenzake akiingia. Ataliona nenosiri likipita herufi moja moja, kwa mpangilio uleule linavyopigwa. Rlogin na rsh, njia nyingine za zamani za kuingia kwa mbali, kwa maoni yangu ni mbaya zaidi, kwa sababu faili la `.rhosts` huifanya seva iamini mashine nyingine kwa jina au anwani yake tu.

Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alitengeneza SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali, mwaka 1995, baada ya manenosiri kunaswa kwenye mtandao wa chuo hicho. OpenSSH, toleo la SSH tunalolitumia leo, ilitolewa na mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1999. Husimba mazungumzo yote, yaani huyageuza yasisomeke na mwingine, na tena humthibitishia mtumiaji kwamba seva ndiyo yenyewe. Hapo pa pili ndipo tunapozembea: ukiingia mara ya kwanza, SSH huonyesha alama ya ufunguo wa seva na kuuliza kama uendelee, nasi tunaandika `yes` bila kusoma. Aliye karibu na seva aendeshe `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`, akusomee alama hiyo kwa simu, mlinganishe. La sivyo, mazungumzo yako yamesimbwa vizuri kabisa, lakini huenda unazungumza na mtu usiyemjua.

Baada ya hapo, tengeneza ufunguo wako kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uupe nenosiri lake, kisha upeleke nusu yake ya hadharani kwenye seva kwa `ssh-copy-id`. Ukishahakikisha kwamba ufunguo unakuingiza, ndipo uweke `PasswordAuthentication no` (kukataa nenosiri) na `PermitRootLogin no` (kukataa akaunti kuu ya root) kwenye faili la mipangilio `sshd_config`, ukague kwa `sudo sshd -t`, na uipakie huduma upya, bila kufunga dirisha ulilomo mpaka uwe umeingia tena kwa dirisha la pili. Atakayepuuza hili, na seva iko Nansio, ajiandae kupanda meli.

Telnet izimwe mwisho, na kifurushi chake kiondolewe kabisa. Amri `ss -tln`, inayoorodhesha poti zilizo wazi, isionyeshe chochote kwenye poti 23. FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, haihitaji mjadala mrefu, maana `sftp`, inayofanya kazi hiyo kwa usalama, imo ndani ya OpenSSH.

Kinachobaki ni kamera na swichi za zamani zisizoijua SSH. Vifaa vya namna hiyo ndivyo programu hasidi ya Mirai ilivyoviteka mwaka 2016, kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani kupitia Telnet. Kama bajeti ya kuvibadilisha haipo, vitengeeni mtandao wake, usiofikika kutoka intaneti, na anayevihitaji aingie kwanza kwa SSH kwenye seva moja inayolindwa.